Kiti cha Latvia: Nani Hurithi Muungano Unapovunjika?

Usiku wa Jumapili, tarehe 28 Mei 2023, Bunge la Latvia, liitwalo Saeima, liliitishwa kwa dharura muda mfupi kabla ya saa sita usiku. Hapakuwa na vita wala mapinduzi, na benki zote zilikuwa salama. Wabunge walikutana kupitisha sheria yenye jambo moja tu: siku inayofuata, Jumatatu, iwe siku ya mapumziko kwa taifa zima, kwa sababu timu ya wanaume ya hoki ya barafu ilikuwa imeshinda medali ya shaba katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Sheria ilipita, na watumishi wa umma waliolala mapema waliamka asubuhi wakakuta kazi haipo.

Habari hiyo ilienea duniani kama kichekesho. Wengi waliona ni utoto wa kisiasa, na hoja yao haikuwa ya bure. Mwajiri hawezi kupanga chochote kwa taarifa ya saa chache, mgonjwa aliyepangiwa kumwona daktari Jumatatu hakushauriwa, na bunge linalotunga sheria kwa hisia za usiku mmoja linazoea vibaya. Nitazirudia hoja hizo. Kwanza, hata hivyo, naomba tuulize kwa nini taifa lenye watu wasiofika milioni mbili liliona kwamba nafasi ya tatu katika mchezo wa magongo juu ya barafu ni jambo la dola. Jibu liko katika historia ya miaka zaidi ya tisini, na ndani yake kuna swali linalomhusu kila mwanafunzi wa siasa: muungano unapovunjika, ni nani hurithi kiti chake, na ni nani huambiwa aanze upya?

Latvia ilitangaza uhuru tarehe 18 Novemba 1918, baada ya karne nyingi za kutawaliwa na Wajerumani, Wapolandi, Waswidi na hatimaye dola ya Urusi. Kama mataifa mengi yaliyozaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa na njaa ya kutambuliwa. Kutambuliwa huko hakukupatikana Geneva peke yake, kwenye Shirikisho la Mataifa. Kulipatikana pia viwanjani. Mwaka 1931 Latvia ilijiunga na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Mwaka 1933 ilicheza mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia huko Prague, ikarudi mwaka 1935, 1938 na 1939, na katikati yake ikashiriki Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936 huko Garmisch-Partenkirchen. Timu haikuwa tishio kwa wakubwa. Mara nyingi ilifungwa. Lakini jina la nchi lilisomwa kwenye orodha ya mataifa, na bendera yake yenye rangi ya damu ya mzee na mstari mweupe katikati ilipepea pamoja na bendera za Uingereza na Kanada.

Juni 1940 majeshi ya Kisovyeti yaliingia, na mwezi Agosti nchi ikafanywa jamhuri mojawapo ya Muungano wa Kisovyeti. Mwaka uliofuata wakaja Wajerumani, na mwaka 1944 Wasovyeti wakarudi. Vita ilipokwisha Latvia haikuwepo tena kwenye orodha ya mashirikisho ya kimataifa. Marekani na nchi kadhaa za Magharibi hazikukubali kamwe kwamba unyakuzi huo ulikuwa halali kisheria, lakini msimamo huo ulibaki kwenye makaratasi ya mabalozi. Ndani ya nchi mambo yalikuwa mengine. Machi 1949 peke yake takriban watu 42,000 walikamatwa na kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake, watoto na wazee wa familia za wakulima.

Hapa ndipo historia ya mchezo inapogeuka kuwa historia ya urithi. Kabla ya 1946, Warusi walicheza hasa mchezo mwingine wa barafuni, unaotumia mpira mdogo wa mviringo kwenye uwanja mkubwa kama wa kandanda. Hoki ya Kikanada, yenye timu ya watu sita na kisahani cheusi, ilikuwa ngeni Moscow. Riga iliijua kwa miaka kumi na mitano. Ligi ya kwanza ya Kisovyeti ya mchezo huo ilipoanza mwishoni mwa 1946, timu za miji ya Baltiki ziliingizwa humo, na wachezaji wa Riga walikuwa miongoni mwa wachache katika muungano mzima waliokuwa wamekwisha kuucheza kimataifa. Ujuzi huo haukukaa Riga. Klabu ya jeshi la anga la Moscow, VVS, iliyolindwa na Vasily Stalin, mtoto wa kiongozi wa nchi, ilikusanya vipaji kutoka kila upande. Kipa Harijs Mellups na mwenzake Roberts Šūlmanis walihamishiwa huko. Tarehe 5 Januari 1950 ndege ya klabu hiyo ilianguka karibu na Sverdlovsk. Wachezaji 11 walikufa, na hao Walatvia wawili walikuwa miongoni mwao.

Mtindo huo wa kukusanya uliendelea kwa miaka arobaini. Mwaka 1968 kocha aitwaye Viktor Tikhonov alipelekwa Riga kuifundisha Dinamo, timu iliyokuwa imedidimia madaraja ya chini. Huko, mbali na macho ya wakubwa, alijaribu mbinu zake, ikiwemo ya kuzungusha vikosi vinne badala ya vitatu ili kasi isipungue. Kufikia 1973 Dinamo Riga ilikuwa daraja la juu. Mwaka 1977 Moscow ikamwita aongoze klabu ya jeshi, CSKA, na timu ya taifa ya muungano, na mwaka huohuo mshambuliaji bora wa Riga, Helmuts Balderis, akahamishiwa CSKA pia. Balderis alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, 1979 na 1983, na alishinda medali ya fedha katika Olimpiki ya 1980. Tikhonov alileta dhahabu za Olimpiki mwaka 1984 na 1988. Baadaye kipa kutoka Riga, Artūrs Irbe, alikuwamo katika vikosi vilivyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1989 na 1990.

Ninataja majina haya kwa sababu moja. Medali zote hizo ziliandikwa kwa jina la Muungano wa Kisovyeti, na dunia nzima, kwa uvivu wa lugha, iliziita za Warusi. Si Mrusi mmoja mmoja aliyekosea hapo. Ndivyo kazi ya pamoja inavyohesabiwa mahali ambapo makao makuu yako upande mmoja: jasho hutoka pembeni, na sifa huandikwa katikati. Wakati muungano unaishi, jambo hilo ni manung'uniko ya watu wa mikoani tu. Siku muungano unapokufa, linakuwa suala la mirathi.

Siku hiyo ilikaribia haraka. Tarehe 4 Mei 1990 Baraza Kuu la Latvia lilitangaza kurejeshwa kwa uhuru. Neno hapa ni kurejeshwa, na uzito wake ni mkubwa. Walatvia hawakudai kuanzisha dola mpya. Walisema dola ya 1918 haikufa kamwe, ilikuwa imekaliwa kwa nguvu. Januari 1991 wananchi wa Riga waliziba njia za kuelekea bungeni, redioni na kwenye televisheni kwa matrekta, magogo na mawe ya zege, wakihofia majeshi. Irbe, bingwa wa dunia mara mbili, alikuwa miongoni mwao, na akakataa kuichezea tena timu ya Kisovyeti. Machi mwaka huo, karibu robo tatu ya waliopiga kura ya maoni waliunga mkono uhuru, wakiwemo wengi wanaosema Kirusi. Agosti 1991, jaribio la mapinduzi liliposhindwa Moscow, uhuru ukakamilika.

Desemba 1991 Muungano wa Kisovyeti ulizikwa rasmi. Katika Umoja wa Mataifa, kiti cha kudumu cha Baraza la Usalama kilihamia kwa Urusi kwa barua. Jina lilibadilishwa kwenye kibao, na mkutano ukaendelea. Katika hoki ya barafu yalifanyika mambo yaleyale. Nafasi ya Kisovyeti katika kundi la juu la dunia ilikwenda kwa Urusi, ambayo mwaka 1993 ilitwaa ubingwa wa dunia. Latvia ilipokelewa tena na Shirikisho mwaka 1992, lakini kwa upande wa mashindano ilihesabiwa kama mgeni. Novemba mwaka huo ililazimika kucheza na Estonia na Lithuania mjini Riga kuamua nani kati yao ataruhusiwa kuingia Kundi C, daraja la tatu la dunia. Ukraine, Belarus na Kazakhstan zilifanya vivyo hivyo huko Minsk.

Si kila taasisi ilitenda hivyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua tena kamati ya Latvia mwaka 1991, na Februari 1992 wanamichezo wa Latvia waliandamana Albertville nyuma ya bendera yao. Katika Olimpiki hiyohiyo, timu ya pamoja ya waliokuwa Wasovyeti ilichukua dhahabu ya hoki, na kocha wake alikuwa Tikhonov, yule aliyejifunza kazi yake Riga.

Nimewasikia wanaotetea uamuzi wa Shirikisho la hoki, na ni haki kuwasikiliza. Wanasema kiti ni kimoja na hakigawanyiki; timu ya Kisovyeti ilikuwa na wachezaji wengi zaidi kutoka Moscow; na kama kila jamhuri ingedai nafasi ya juu, timu sita mpya zingewafukuza waliozipata nafasi zao kwa kucheza. Wanaongeza kuwa Slovakia ilitendewa hivyohivyo. Chekoslovakia ilipogawanyika Januari 1993, Ucheki ilirithi nafasi ya juu na Slovakia ikaanzia Kundi C mwaka 1994, ingawa ilikuwa imetoa wachezaji wakubwa kwa miongo mingi. Miaka minane baadaye, mwaka 2002, Slovakia ilikuwa bingwa wa dunia. Basi, wanauliza, hasara iko wapi?

Jibu langu ni kwamba mfano wa Slovakia unaonyesha ubaya wa kanuni hiyo badala ya kuitetea. Timu iliyoweza kutwaa ubingwa wa dunia miaka minane baadaye haikuwa timu ya daraja la tatu. Kanuni ilipima hati, haikupima uwezo. Tena inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: mgeni na aliyenyang'anywa. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, baada ya vijana wa Nairobi kucheza kwa miaka mingi kwenye kiwanja kidogo cha barafu kilichomo ndani ya hoteli. Kenya itaanzia chini, na hakuna atakayelalamika, kwa sababu haijawahi kuwa na nafasi iliyochukuliwa. Latvia ilikuwa mwanachama tangu 1931. Kumwambia aliyefukuzwa nyumbani kwake kwamba arudi kama mpangaji mpya, apange foleni, ni kumhesabia kosa la aliyemfukuza.

Gharama yake inaweza kuonyeshwa kwa miaka. Latvia ilishinda Kundi C mwaka 1993 huko Slovenia. Mwaka 1994, katika Kundi B, ilishika nafasi ya pili nyuma ya Uswisi, na ni timu moja tu iliyopanda. Mwaka 1995 ikawa ya pili tena, safari hii nyuma ya Slovakia. Mwaka 1996, huko Eindhoven, hatimaye ilishinda, na mwaka 1997 ikacheza katika kundi la juu huko Ufini, ambako ilimaliza nafasi ya saba duniani kwa mara ya kwanza kurudi. Katika kipindi hicho ilikosa Olimpiki ya 1994 na ya 1998. Ilirudi Olimpiki mwaka 2002, miaka 66 baada ya Garmisch-Partenkirchen. Kwa mwanamichezo, miaka mitano ni nusu ya maisha ya kazi. Kizazi kilichokuwa kimefika kileleni wakati uhuru unapatikana kiliutumia ukomavu wake kupanda ngazi ambayo kingepaswa kuwa juu yake. Hakuna mahakama ya kurudisha miaka hiyo.

Mwaka 2000 mashindano yalifanyika St. Petersburg. Urusi ilikuwa mwenyeji, na kikosi chake kilijaa nyota wa ligi ya Amerika ya Kaskazini, Pavel Bure akiwa mmojawapo. Latvia iliwafunga 3–2, Irbe akiwa golini. Wenyeji walimaliza katika nafasi ya 11. Riga watu waliingia barabarani usiku huo, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Mrithi wa kiti alikuwa amefungwa nyumbani kwake na yule aliyeambiwa aanze upya.

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, kwa picha ya taifa dogo lililoonewa na kulipiza. Lakini historia ya urithi ina upande wa pili, na mwanahistoria anayeukwepa anafanya kazi ya mpiga debe. Hoja ileile ya mwendelezo, kwamba Latvia ya 1991 ni ileile ya 1918, ilitumiwa kuamua nani ni raia. Uraia ulirudishwa kwa waliokuwa raia kabla ya Juni 1940 na kizazi chao. Waliohamia wakati wa Kisovyeti, pamoja na watoto wao waliozaliwa Riga na Daugavpils, walibaki nje. Katikati ya miaka ya 1990 takriban watu laki saba walikuwa na pasipoti iliyoandikwa kwamba wao si raia. Hawakuweza kupiga kura wala kushika kazi fulani za umma. Mwaka 1998 wapiga kura walikubali kulegeza masharti ya kuomba uraia, na tangu Januari 2020 watoto wa wasio raia hupewa uraia wanapozaliwa. Hata hivyo ilichukua karibu miaka thelathini kufika hapo.

Kwa hiyo swali la Latvia kwa Shirikisho la hoki lilikuwa pia swali la wakazi wa Latvia kwa Latvia: nani ana haki ya kurithi, na nani huambiwa apange foleni? Ninaelewa hofu iliyokuwepo. Taifa lililopoteza watu kwa vita, uhamisho na ukimbizi, likajikuta karibu kuwa wachache nchini mwake, halikuwa likibuni adui. Lakini haki ya kihistoria ni chombo chenye makali pande mbili, na mara nyingi anayekishika hukatwa asipotazama.

Ajabu ni kwamba timu ya hoki ilifanya mapema yale ambayo sheria ilichelewa kuyafanya. Vikosi vya miaka ya 1990 vilijaa majina ya jamii zote mbili. Nahodha Oļegs Znaroks alizaliwa Urusi, akaja Riga kuichezea Dinamo, akabaki. Baadaye aliifundisha Latvia kuanzia 2006 hadi 2011, kisha akaenda kuifundisha Urusi, akaipa ubingwa wa dunia mwaka 2014 na dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018. Ukiulizwa mtu huyo ni urithi wa nani, utajibuje? Katika maisha yake Riga na Moscow hazitenganishiki kwa kisu. Siasa hutaka hesabu iliyofungwa, lakini watu wenyewe ni deni na mkopo wa pande zote.

Baada ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Februari 2022, hesabu hiyo ilifungwa kwa nguvu. Dinamo Riga, iliyokuwa ikicheza katika ligi inayoongozwa kutoka Moscow, ilijitoa siku chache tu baada ya uvamizi. Shirikisho la Latvia likaamua kwamba atakayeendelea kuchezea klabu za Urusi au Belarus hataichezea timu ya taifa. Wachezaji waliokuwa wakilipwa vizuri huko walilazimika kuchagua. Watu wengi walisema timu itadhoofika. Baada ya mwaka mmoja ikaja medali.

Mashindano ya 2023 yaliandaliwa na Tampere na Riga. Latvia, chini ya kocha Harijs Vītoliņš, mchezaji wa zamani wa Dinamo, ilianza kwa kufungwa 6–0 na Kanada. Tarehe 25 Mei, mbele ya watu wake mjini Riga, iliitoa Uswidi kwa 3–1 katika robo fainali. Kanada iliifunga tena katika nusu fainali. Katika mchezo wa kuwania nafasi ya tatu dhidi ya Marekani, Latvia ilikuwa nyuma 3–2 katika kipindi cha mwisho. Beki Kristiāns Rubīns alisawazisha, kisha akafunga bao la ushindi katika muda wa nyongeza. Kipa Artūrs Šilovs alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote. Ilikuwa medali ya kwanza ya taifa hilo tangu lilipojiunga na mchezo huu mwaka 1931.

Kesho yake, siku ile ya mapumziko ya ghafla, maelfu walikusanyika kwenye Mnara wa Uhuru mjini Riga. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1935, timu ile ya kwanza ilipokuwa ikifungwa huko Davos. Wakati wa Kisovyeti haukubomolewa, lakini kuweka maua chini yake kulikuwa jambo la hatari, na waliothubutu kufanya hivyo hadharani Juni 1987 wanakumbukwa kama waliofungua mlango wa uhuru. Ndiyo maana sioni utoto mtupu katika sheria ya usiku ule. Bunge ambalo liliwahi kulindwa kwa magogo na matrekta lilitumia mamlaka yake kusema jambo ambalo mamlaka ya kigeni hayakuruhusu lisemwe kwa miaka hamsini: kwamba hii ni timu yetu, na jina lililoandikwa kwenye medali ni letu.

Nimesema nitazirudia hoja za wanaopinga. Bado nazikubali kwa sehemu. Sheria inayotungwa usiku mmoja kwa furaha inaweza kesho kutungwa usiku mmoja kwa hasira, na mtumishi wa umma anayejali utaratibu ana haki ya kununa. Wabunge wangeweza kutangaza siku hiyo wiki moja mbele, watu wakajipanga, na furaha isingechacha. Zaidi ya hayo, shangwe si sera. Latvia imepoteza mamia ya maelfu ya watu tangu uhuru, wengi wakiwa vijana waliohamia Uingereza, Ireland na Ujerumani kutafuta kazi. Medali haiwarudishi.

Kwetu sisi wa Afrika Mashariki swali hili si geni. Machi 2017 Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka Afrika, na Julai mwaka huohuo ikaondolewa kwa hoja kwamba si nchi inayojitegemea nje ya Tanzania. Muungano wa Tanzania haukuzaliwa kwa unyakuzi kama ule wa 1940, na silinganishi mambo yasiyolingana. Ninachosema ni kwamba ndani ya kila muungano, uwe wa hiari au wa nguvu, kuna swali la jina gani linaandikwa kwenye ubao wa matokeo. Swali hilo halifi kwa kupuuzwa. Ni bora lijibiwe wakati watu bado wanakaa meza moja, kwa kanuni iliyoandikwa, kuliko kuachwa hadi siku ambayo aliye karibu na kabati atachukua funguo zote.

Wanafunzi wangu wa uhusiano wa kimataifa hupenda kusoma mikataba mikubwa: nani alirithi silaha za nyuklia, nani alirithi madeni, nani alirithi balozi. Wasome na orodha za mashirikisho ya michezo. Humo wataona wazi jinsi urithi wa dola unavyogawanywa kwa desturi ya kumpa mkubwa kilichokuwa cha wote, na jinsi mdogo anavyotakiwa kuthibitisha tena, kwa miaka ya watu wake, kile ambacho tayari kilikuwa chake. Latvia iliilipa gharama hiyo, na tangu 1997 haijashuka kutoka kundi la juu. Hilo ni la kuheshimiwa. Lakini tusilifanye kuwa ushahidi kwamba gharama yenyewe ilikuwa ya haki.